Simu nzima, laini nzima, lakini mtandao haushiki: tatizo liko wapi?

Kabla hujaipeleka simu kwa fundi, bonyeza *#06# kama unayetaka kumpigia mtu. Kwenye kioo itatokea namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Simu ya laini mbili itakupa namba mbili. Iandike. Kisha fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, uandike na namba ya modeli: ile yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika, siyo jina lililopambwa juu ya boksi. Kama simu uliichukua kwa mkopo au kwa kukodi, tafuta na mkataba wake. Bila vitu hivi vitatu utakuwa unabahatisha tu. Nimeona simu zikiflashiwa bure, picha za watoto na mazungumzo ya miaka yakafutika, kumbe tatizo lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba.

Mtandao ukigoma, jiulize mambo matatu. Simu inaisikia minara ya mtandao huo? Mtandao wenyewe umeikubali simu? Na simu ni ya nani? La kwanza ni la redio, la pili ni la kampuni, la tatu ni la deni. Mafundi wengi huanzia kwenye la kwanza, na wenye simu karibu wote hulisahau la tatu.

Anza kwa kubadilishana laini

Toa laini yako uiweke kwenye simu nyingine unayojua ni nzima. Halafu chukua laini inayofanya kazi, ikiwezekana ya kampuni nyingine, uiweke kwenye simu yako. Fanya yote mawili, kwa sababu jaribio moja hukupa nusu ya jibu.

Laini yako ikigoma hata kwenye simu ya pili, laini ndiyo mbovu au imefungiwa. Nenda ukabadilishiwe, usihangaike na simu. Laini yako ikifanya kazi kwingine, na simu yako ikaikubali laini ya kampuni moja na kuikataa ya nyingine, shuku loki ya mtandao, yaani kufuli inayoifunga simu kwa kampuni moja, au masafa ya mawimbi yasiyolingana. Simu ikizikataa laini zote, shuku orodha nyeusi, yaani orodha ya IMEI zilizozuiwa na kampuni za simu, au antena iliyokatika baada ya simu kuanguka au kufunguliwa.

"Simu imefungwa"

Neno hili moja linabeba mambo manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Ndiyo maana inafaa kusoma kioo kinasema nini hasa.

Loki ya mtandao ndiyo ya kawaida. Ukiweka laini ya kampuni iliyouza simu, kila kitu kinakwenda. Ukiweka ya kampuni nyingine, simu inasema laini haikubaliki, au inaomba namba ya kufungulia. Kwenye iPhone, ukurasa wa kuhusu simu una mstari wa loki ya mtandao. Ukisema hakuna vizuizi vya SIM, uko huru. Loki hii hutolewa na kampuni iliyoiweka, na kwa kawaida inaitoa deni likiisha au muda wa mkataba ukipita. Usijaribu namba za kubahatisha ulizookota mtandaoni: simu nyingi zinahesabu makosa, na ukifika kikomo hata namba sahihi haitapokelewa tena. Sheria nazo zinatofautiana. Kanada ilikataza kuuza simu zenye loki hii tangu Desemba 1, 2017, na Uingereza ikafuata Desemba 2021, kwa hiyo simu mpya iliyouzwa huko baada ya tarehe hizo haitarajiwi kuwa nayo. Marekani bado zipo, ila sheria ya mwaka 2014 ilimrudishia mnunuzi haki ya kuifungua simu yake.

Loki ya mkopo ni kitu kingine kabisa. Hapa kioo kizima kinafunikwa na tangazo la kulipa, na huwezi kufanya mengi zaidi ya kulipa au kupiga simu ya dharura. Kubadilisha laini hakusaidii. Kufuta simu nzima hakusaidii pia, kwa sababu simu ikiwaka upya na kushika intaneti, inajitambulisha kwa IMEI yake na kufungwa tena. Samsung wana mfumo wao unaoitwa Knox Guard kwa kazi hii, na simu nyingine zina mifumo kama huo. Kama umelipa na kioo bado kimefungwa, washa Wi-Fi kwanza, uhakikishe tarehe na saa ni sahihi, kisha zima na uwashe. Mara nyingi malipo yameshapokelewa, ila simu haijapata habari kwa sababu bando lilikwisha.

Orodha nyeusi haionyeshi tangazo lolote, na hapo ndipo inapowapoteza watu. Simu inawaka vizuri, Wi-Fi inashika, kamera ni nzima, lakini kila laini unayoweka inaonyesha "Hakuna huduma" au "Simu za dharura pekee". Ukienda nayo nchi nyingine huenda ikashika. Sababu ni kwamba IMEI yake imeripotiwa kuwa imeibwa, imepotea, au deni lake halikulipwa, na kampuni za simu zinapeana orodha hizo. Kufungua loki ya mtandao hakuigusi orodha nyeusi hata kidogo. Na anayekuahidi kukubadilishia IMEI, mwache aende zake: nchi nyingi zinalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai.

La nne ni loki ya akaunti, yaani simu inayodai nywila ya mwenyewe wa kwanza. Haihusiani na mtandao. Mtafute aliyekuuzia.

"Intaneti inakwenda, kupiga haipigi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili linaongezeka na bado watu wanaendelea kulaumu spika na laini.

Dada mmoja aliniletea simu nzuri, ya kisasa, aliyoletewa kutoka nje. "Fundi, hii simu inanitesa. Video naangalia, nikipiga inakata." Nikamwambia, "Piga tena dada, ila usiweke sikioni. Angalia pale juu, pembeni ya alama ya mtandao." Akapiga. Herufi za 4G zikatoweka. Kwa sekunde kama tano pakabaki mistari mitupu, kisha ikaja H, yaani 3G, mistari ikashuka ukabaki mmoja, na simu ikakata kabla haijaita. Baada ya muda mfupi 4G ikarudi kama hakuna kilichotokea. "Umeona?" nikamuuliza. "Imekimbia," akasema. Alisema sawasawa.

Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data tu. Haukuwekewa njia ya sauti kama ile ya 2G na 3G. Simu ya 4G ina namna mbili za kupiga: ama iteremke hadi 3G au 2G kwa muda wa mazungumzo, ama iipeleke sauti kama data kwa njia inayoitwa VoLTE. Simu ya yule dada ilikuwa na VoLTE, lakini haikuwa imewashwa kwa kampuni anayoitumia. Kwa hiyo kila akipiga ilikuwa inateremka kutafuta 3G, na mahali alipokaa 3G ilikuwa imebaki kidogo sana.

Pale ambapo 3G imezimwa kabisa, hakuna pa kuteremkia. Marekani mitandao mikubwa iliizima mwaka 2022: AT&T Februari, T-Mobile ikaanza Julai, Verizon ikamaliza mwishoni mwa Desemba. Simu nyingi nzima kabisa, zenye 4G ndani yake, zilinyamaza kwa sababu VoLTE yake haikutambuliwa na mtandao. Australia, kampuni za Telstra na Optus zilianza kuzima Oktoba 28, 2024, na huko likajitokeza jambo la kutisha zaidi. Kulikuwa na simu zilizopiga kwa VoLTE siku zote bila shida, lakini kwa ndani zilikuwa zimepangwa zitumie 3G kwa namba ya dharura tu. Mwenye nayo asingejua mpaka siku ya moto au ajali. Serikali ikazilazimisha kampuni kuzikatia huduma simu za namna hiyo kabisa. Wengi walikasirika, lakini mimi naona ilikuwa haki: heri simu ikatae leo mchana kuliko kukataa siku nyumba inaungua. Tafadhali usijaribu mwenyewe kwa kupiga namba ya dharura. Iulize kampuni kwa kuwapa IMEI.

Dawa inafuata hatua. Fungua Mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, utafute kitufe cha VoLTE, wakati mwingine kimeandikwa simu za 4G au HD. Kikiwepo, kiwashe, piga tena huku unaangalia pale juu. 4G ikibaki mahali pake wakati simu inaita, umepona. Kitufe kisipoonekana, sasisha programu ya simu, kwa kuwa mipangilio ya kila kampuni huja ndani ya masasisho. Kisipoonekana hata baada ya hapo, muulize mhudumu swali hili, si jingine: "Modeli hii, kwa namba hii, mmeiidhinisha kwa VoLTE?" Usimuulize kama simu ina 4G. Atakujibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli, na wewe utarudi nyumbani na tatizo lako. Simu za Google Pixel kwa mfano huwa na VoLTE na 5G kwenye nchi zinakouzwa rasmi, ila nje ya hapo mara nyingi hufungwa hata kama vifaa vyote vimo ndani.

Wakati unasubiri, washa kupiga kwa Wi-Fi kama kampuni yako inaruhusu.

"Nje inashika, nikiingia ndani inapotea"

Sababu ya kwanza ni masafa. Kila mtandao unarusha mawimbi kwenye bendi kadhaa, na simu inasikia zile tu ambazo vifaa vyake vilitengenezewa. Bendi za chini, kama bendi 28 ya MHz 700, 20 ya MHz 800 na 8 ya MHz 900, zinasafiri mbali na kupenya kuta. Bendi za juu, kama 3 ya MHz 1800 na 7 ya MHz 2600, zinabeba data nyingi lakini ukuta mnene unazichosha. Simu iliyokosa bendi ya chini ya mtandao wako itashika vizuri ukiwa karibu na mnara, na video itapita kama maji. Ingia chumba cha ndani, yote yanakwisha.

Pima hivi. Kwenye simu nyingi za Android, ukurasa wa hali ya SIM unaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: kwa 4G, -85 ni nzuri, -105 inavumilika, -115 kwenda chini ni shida. Simama chumba cha ndani na simu yako, kisha simama palepale na simu ya jirani yenye mtandao uleule. Yake ikisoma -98 na yako -118, au yako ikaandika hakuna mtandao kabisa, mnara hauna kosa.

Sasa rudi kwenye namba ya modeli uliyoandika. Galaxy S23 iliyotengenezwa kwa soko la kimataifa inaitwa SM-S911B, na ya kampuni za Marekani inaitwa SM-S911U. Jina ni moja, kioo ni kimoja, orodha ya bendi haifanani. Iphone nazo zina namba inayoanza na A. Gusa mstari wa modeli kwenye ukurasa wa kuhusu simu na itatokea. Chukua namba hiyo, angalia orodha ya bendi kwenye tovuti ya mtengenezaji, uilinganishe na bendi za kampuni yako. Ukikuta bendi yao kuu ya chini haimo, nakuomba usitumie pesa zaidi. Hakuna programu inayoweza kuiongezea simu kichujio na antena ambavyo hakuwekewa kiwandani. Badilisha kampuni au badilisha simu.

5G inafuata kanuni hiyohiyo. Mtandao mmoja unatumia bendi ya n78, mwingine n41, na neno 5G juu ya boksi halikwambii simu inajua ipi. Tena kuna simu yenye bendi zote ambayo haionyeshi 5G kwa sababu kifurushi chako hakijaruhusiwa, au laini ni ya zamani.

Vitu vidogo vya kuangalia upesi

Data haiendi lakini kupiga kunapiga: mara nyingi ni APN, yaani mipangilio inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni. Omba mipangilio ya kampuni na uiingize herufi kwa herufi. Laini moja kwenye simu ya laini mbili inasuasua: zihamishe nafasi, maana simu nyingi za zamani zinaipa nafasi moja tu uwezo wa 4G. Simu haina hata pa kuweka laini: iPhone kuanzia 14 zilizouzwa Marekani zinatumia eSIM pekee, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi, kwa hiyo hakikisha kampuni yako inaitoa kabla hujainunua. Mtandao ulipotea baada ya safari: ondoa hali ya ndegeni, kisha kwenye uteuzi wa mtandao iache simu ijichagulie yenyewe.

"Nimelipa miezi yote, mbona bado si yangu?"

Hapa tatizo liko kwenye mkataba, na kuna mikataba ya aina tatu inayochanganywa kila siku.

Kulipa kwa awamu maana yake unanunua. Awamu ya mwisho ikiisha, simu ni yako, na una haki ya kudai loki itolewe. Ikiwa umemaliza na bado inakataa laini nyingine, mara nyingi sababu ni bili ya huduma inayodaiwa kando ya simu, au ombi la kufungua ambalo kampuni inangoja ulipeleke mwenyewe.

Kukodi maana yake unatumia simu ya mtu. Muda ukiisha kuna njia tatu: uirudishe, uinunue kwa salio lililoandikwa, au uendelee kulipa mwezi hadi mwezi. Mikataba mingi inakutumbukiza kwenye njia ya tatu usiposema kitu. Unakatwa kila mwezi, na makato hayo hayakusogezi karibu na kumiliki. Ukiona makato yanaendelea baada ya miezi uliyohesabu, usianze kwa kugombana na mhudumu. Fungua mkataba utafute maneno ya mwisho wa kukodi, na siku hiyohiyo uwaandikie kuchagua njia yako.

Aina ya tatu ni mpango wa kubadilisha simu mapema. Kampuni kubwa za Marekani ziliuanzisha mwaka 2013, na Apple ikaja na wake mwaka 2015: mkopo wa miezi 24, na ukishalipa awamu 12 unaweza kuchukua iPhone mpya. Watu wanadhani zile awamu 12 zilizobaki zimesamehewa. Hazijasamehewa, zimelipwa na simu unayoirudisha. Simu yako ya zamani ndiyo pesa. Kwa hiyo ukiirudisha kioo kikiwa na ufa, haiwaki, au bado imefungwa na akaunti yako, pesa hiyo inakuwa pungufu na deni linarudi. Hii ndiyo sababu ya bili nyingi za kushtua zinazofika wiki chache baada ya mtu kubadilisha. Na ukishachukua mpya, unaanza kuhesabu awamu ya kwanza upya. Anayebadilisha kila mwaka anakodi, hata kama mkataba unasema ananunua. Akijua hivyo na bei ikamfaa, hana kosa.

Kuna pia simu inayotangazwa kuwa ya bure. Bei yake yote imo kwenye mkataba, halafu kila mwezi unarudishiwa kipande kwenye bili, kwa miezi 24 au 36. Ukihama mwezi wa 10, vipande vilivyobaki vinakufa na unadaiwa salio lote la simu. Kabla hujahamia mtandao mwingine uliovutiwa na bando lake, piga simu uulize salio la simu leo ni kiasi gani.

Siku ya kurudisha simu, ondoa akaunti yako kwanza, ndipo ufute. Piga picha ya kioo kikiwa kinawaka na IMEI inaonekana, piga picha ya mgongo na pembe zote nne, na uchukue risiti yenye IMEI ileile. Ukiituma kwa posta, tunza namba ya mzigo mpaka bili mbili zipite bila makato.

Na kama wewe ndiye unayenunua simu iliyotumika, deni la mwingine linaweza kukufuata. Simu inaweza kuwa safi siku unayoinunua, muuzaji akaacha kulipa, na miezi mitatu baadaye ikaingia orodha nyeusi ukiwa nayo mkononi. Kupiga *#06# na kuangalia kama IMEI ni safi hakutoshi. Mwombe barua au ujumbe wa kampuni unaosema deni limekwisha, wenye IMEI hiyo. Weka laini yako, piga huku unaangalia 4G kama inabaki, kisha ingia nayo ndani ya jengo upige tena. Muuzaji akikosa uthibitisho wa deni, mrudishie simu yake hapohapo, hata kama bei ni nzuri.